Maswali ya jikoni: bega la nguruwe kama walivolipika shambani Carolina

Toleo lililopita niligusia kidogo tu lile bega la nguruwe la North Carolina la siki na pilipili, na barua zimekuja nyingi kuliko nilivotegemea, zingine za huko huko Carolina, zingine Njombe, zingine Eldoret. Mimi nimeolewa huko, nimekaa mashariki mwa North Carolina miaka kumi na nne kwenye ukoo wa wakulima, na kwetu Rungwe mama yangu alifuga nguruwe nyuma ya nyumba, kwahiyo mengi ninayowaambia hapa nimeyashika kwa mikono. Msomaji usiyekula nguruwe swali la mwisho ni lako, ila karibu tu na haya ya juu.

Shikamoo dada. Naishi Durham, North Carolina, mume wangu kwao ni karibu na Goldsboro, walikua na shamba la tumbaku na mahindi na nguruwe wachache, baba mkwe alishafariki na shamba lilishauzwa. Mama mkwe ana miaka 78 mikono inatetemeka, hawezi tena kubeba vitu vizito, mwezi uliopita akaniambia nyama ya Thanksgiving (ile sikukuu yao ya shukrani ya mwezi Novemba) mwaka huu utapika wewe. Dada nimeshajaribu mara mbili. Mara ya kwanza nilinunua nyama nzuri kabisa haina mafuta nikaiweka kwenye ile sufuria ya umeme ya kupika polepole masaa nane, ikatoka kavu kama kamba ya katani. Mara ya pili nikanunua bega nikaweka kwenye oveni, kipimajoto kikafika 160 kikagoma hapo masaa matatu, nikaogopa nikapandisha moto, nje ikaungua ndani ngumu. Walikula kimya. Shemeji yangu mkubwa akasema kwa upole tu, nzuri lakini sio ya shambani. Sasa hiyo ya shambani ikoje?
*Mke wa Mkulima, Durham*

Marahaba mdogo wangu. Pole na hongera kwa pamoja, kwasababu siku hiyo nyumba nyingi Marekani ni bata mzinga lakini mashariki mwa Carolina bega au nguruwe mzima anakuwepo pembeni na ndio watu wanaenda kuchota kwanza, na mama aliyeshika hiyo nyama miaka yote hamwachii mtu hivi hivi. Amekuchagua.

Ya kwanza tuimalize haraka. Ulinunua nyama ya mgongo. Ile inavutia kwa macho, nyeupe, safi, haina mafuta, lakini hicho hicho ndo kinaiponza kwasababu ukiipika masaa nane hakuna kitu ndani cha kuyeyuka, maji yanatoka na nyuzi zinabaki peke yake. Bega ni mnyama mwingine kabisa. Bega limebeba nguruwe maisha yake yote, limejaa mafuta na mishipa na ule utando mweupe mgumu, na utando huo ni kolajeni, ukipata moto mdogo kwa muda mrefu unageuka jelatini, ule utelezi unaonata kwenye midomo. Dukani mwambie unataka Boston butt, hiyo ni sehemu ya juu ya bega, yenye mfupa, na upande mmoja uwe na tabaka la mafuta.

Ya pili ndo inawaumiza watu wengi na nataka uielewe vizuri ili usiogope tena. Unakumbuka mtungi wa maji nyumbani kwa bibi, jinsi ulivokua unatoa jasho nje na maji ya ndani yanakua ya baridi hata jua likiwa kali? Bega linafanya hivo hivo. Likifika kama 150 mpaka 170 kwa vipimo vya Fahrenheit, yani 65 mpaka 77 za Selsiasi, maji yanatoka juu ya nyama yanapaa, na yakipaa yanaipooza nyama kwa kasi ile ile oveni inavoipasha, kwahiyo kipimajoto kinasimama. Kinaweza kusimama masaa mawili, matatu, hata manne. Hakijaharibika na oveni yako haijaharibika. Wewe ulipandisha moto, nje kukaungua, ndani utando ulikua bado haujayeyuka ndomana ilikua ngumu. Una njia mbili tu, usubiri, au uifunge na karatasi ya foili tabaka mbili ili jasho lisipate pa kupaa. Mimi kwenye oveni huwa nafunga, kwenye mkaa sifungi kwasababu nataka ule ukoko mweusi wa nje ubaki mkavu.

Watu wengine watakwambia nyama ya nguruwe imeiva ikifika 145. Kwa usalama ni kweli, wizara ya kilimo ya Marekani iliweka hicho kipimo kwa vipande vizima mwaka 2011, 145 alafu unaiacha ipumzike dakika tatu. Lakini hiyo ni ya steki. Bega la kuchambua lazima lifike 195 mpaka 203, yani 90 mpaka 95 za Selsiasi, na hata hapo usiamini namba peke yake, shika ule mfupa bapa uuvute. Ukitoka mweupe msafi kama umeoshwa, imeiva. Ukishikilia, rudisha.

Sasa fanya hivi. Bega la ratili nane, kama kilo tatu na nusu, lipake chumvi vijiko viwili na nusu vya mezani na pilipili manga kijiko kimoja, usiku wa kuamkia, liweke kwenye friji bila kufunika. Sukari, paprika, unga wa kitunguu, vyote hivo ni vya watu wa Memphis na kwingineko, Goldsboro hawakuwa navyo na shemeji yako hatavikumbuka. Oveni 250 za Fahrenheit, yani kama 120 za Selsiasi. Hesabu saa moja na nusu kwa kila ratili, kwahiyo kwa ratili nane ni masaa kumi na mbili, na mimi naongeza masaa mawili ya akiba, ndomana naweka saa nne usiku kabla sijalala. Ikiiva mapema sio shida kabisa, ifunge kwenye foili na taulo kuukuu uiweke kwenye kile kiboksi cha kubebea barafu (bila barafu), itakaa ya moto masaa matatu na inazidi kuwa nzuri. Ikichelewa ndo utalia.

Sosi. Siki ya tufaha vikombe viwili, pilipili nyekundu kavu iliyopondwa kijiko kimoja cha mezani, chumvi vijiko viwili vidogo, pilipili manga kijiko kidogo, sukari ya kahawia kijiko kimoja cha mezani. Hakuna kuchemsha. Tikisa kwenye chupa na iache siku mbili au tatu. Nyanya usiweke hata tone! Ukienda magharibi kidogo, Lexington, wao wanapika mabega tu na sosi yao ina kechapu kidogo, na South Carolina kuna maeneo wanaweka haradali, urithi wa Wajerumani waliohamia kule, na kila mmoja anaona mwenzake amepotea. Ila mama mkwe wako ni wa mashariki na mashariki ni siki na pilipili basi.

Haya, ya shambani ikoje. Ntakwambia nilivofundishwa. Mwaka wa kwanza nimefika, baba mkwe hakunipa kisu wala mwiko, alinipa beleshi. Lilikua limeungua ncha mpaka chuma kimepinda kama ulimi. Pembeni kulikua na pipa limewekewa nondo katikati, kuni za hikori na mwaloni zinawaka juu, zikikatika makaa yanadondoka chini na unayachota kupitia tundu la chini ya pipa. Nyama haioni mwali kabisa, inaona makaa tu. Nguruwe mzima amelazwa juu ya shimo la matofali na mimi kazi yangu usiku kucha ni kuchota na kutawanya, kidogo kidogo, kama unavowarushia kuku mahindi. Mengi chini ya mabega na mapaja kwasababu huko ndo nyama ni nene, machache sana katikati chini ya tumbo. Alafu akanifundisha kusikiliza. Mafuta yakidondokea makaa yanasema tss, kimya, tss, kimya, hapo uko sawa, yakianza tss tss tss bila kupumzika umeweka moto mwingi ondoa haraka. Nilikaa na yule mzee usiku mzima tukisikiliza nguruwe akidondosha mafuta na sidhani kama tuliongea maneno mia.

Kwahiyo shemeji yako anaposema ya shambani anasema vitu vitatu. Anasema moshi wa mafuta uliorudi kwenye nyama, oveni haikupi huo. Anasema ngozi, kwasababu nguruwe mzima akigeuzwa ngozi inakauka inakua kama bisi, wanaikatakata na kuichanganya ndani ya nyama na ukitafuna unakutana na kitu kinavunjika, hiyo unaweza kuipata, nunua ngozi au bega la chini lenye ngozi, liitwalo picnic, ikaushe kwenye oveni kali mwishoni uikate vidogo uchanganye. Na anasema nguruwe mwenyewe, kwasababu nguruwe wa baba yake alikua mnene, na wafugaji wa Marekani kwa miongo mingi wamezalisha nguruwe mwembamba, mpaka 1987 wakaanza kutangaza nguruwe kama nyama nyingine nyeupe. Nguruwe mnene wa zamani bado wapo kwa wafugaji wadogo, ulizia sokoni kwa wakulima Jumamosi.

Kama mna lile jiko la duara la mkaa lenye mfuniko, anza nje masaa manne au matano, makaa upande mmoja nyama upande mwingine, kipande cha hikori kavu juu ya makaa, mfuniko umefungwa, alafu malizia kwenye oveni. Nyama inachukua moshi zaidi ikiwa bado ya baridi na mbichi kwahiyo hayo masaa ya mwanzo ndo yenye faida. Ile dawa ya moshi ya kwenye chupa mimi siipendi, inabaki kooni.

La mwisho na naomba ulichukue kwa uzito kuliko yote niliyoandika. Mikono ya mama mkwe inatetemeka lakini ulimi hautetemeki. Mpelekee chupa ya siki wiki moja kabla, mwambie mama onja nimekosea wapi. Nina uhakika atasema kuna kitu kimepungua, na ukimuuliza kilikua kinatoka wapi atakupa shamba lote, ghala la tumbaku lilikua upande gani, nani alikua anakata kuni, nani alikua analala kabla ya wenzake. Andika. Mimi wa kwangu sikuandika, siki yake ilikua na kitu ambacho mpaka leo sijakipata.

Habari za kazi dada. Nina banda la kitimoto hapa Njombe, tunakaanga na kuchoma kawaida, nataka kuongeza hiyo ya kuchambua ya Wamarekani niuze na mkate au ugali. Hikori hatuna, nitumie kuni gani? Na wateja wananiuliza sana habari ya minyoo, nawajibu nini?
*Mdau wa Kitimoto, Njombe*

Nzuri kaka, safi sana. Kuni, tafuta mti mgumu wa matunda uliokauka vizuri, mpera ndo naupenda kuliko yote, mwembe nao mzuri kama utapata kutoka mabondeni, mkahawa mkavu nao safi. Mkaa wa muwati mnao wa kutosha utumie kama moto wa kawaida alafu kipande cha mpera kinatoa moshi juu yake. Sasa sikiliza, Njombe mna misindano kila kona na ni rahisi, usithubutu. Ile ni miti ya utomvu, moshi wake mweusi unashika nyama kama lami na unachacha mdomoni, mikaratusi nayo iache. Na mbao zozote zilizopakwa rangi au dawa usitie, hata kama ni bure.

Pipa lile la mafuta ya kula likatwe kwa urefu, uweke bawaba, wavu katikati, tundu dogo la hewa chini upande mmoja na tundu la moshi juu upande wa pili. Makaa upande wa tundu la chini, nyama upande wa moshi, bakuli la bati lenye maji katikati. Kipimajoto cha nyama nunua kaka, kinajilipa kwa bega moja tu ambalo hukuliharibu. Siki nyeupe ya dukani ni kali, ipunguze na maji kama robo na weka sukari kidogo.

Bei fikiria vizuri kabla hujatangaza. Bega linapungua sana, kilo nne mbichi zenye mfupa zitakupa kama kilo mbili na kidogo za kuuza, maji na mafuta vinaondoka na mfupa unaondoka, na umekesha na mkaa. Ukiuza kwa bei ya kukaanga utafunga banda.

Minyoo. Wateja wako wako sahihi kuuliza na usiwakasirikie. Nguruwe akila kinyesi cha mtu mwenye tegu anapata vijimbegu kwenye nyama, unaviona vyeupe kama punje za mchele, hasa kwenye ulimi na kwenye misuli. Mtu akila hiyo nyama haijaiva anapata tegu wa utumboni. Lakini ile hatari kubwa ya kichwani, inayoleta kifafa, inatoka kwenye mayai ya huyo tegu, yanatoka na kinyesi cha mtu yanafika mdomoni mwa mtu kwa mikono ambayo haijanawa au maji au mboga mbichi. Umenielewa? Mtu anaweza asile nguruwe maisha yake yote na akaupata, kwahiyo dawa yake ni choo, maji ya kunawa, na nguruwe wafungwe bandani wasizurure. Wewe nunua nyama iliyokaguliwa na yenye muhuri, ukiona punje hata moja usiinunue hata kwa nusu bei, na mfanyakazi wako akitoka chooni anawe kwa sabuni. Bega likifika nyuzi 90 na zaidi za Selsiasi mpaka linachambuka kwa uma hakuna kijimbegu kitakachopona humo, hilo waambie kwa kujiamini.

Usisahau pia homa ya nguruwe ya Afrika. Haimdhuru mtu lakini inamaliza banda zima na chanjo ya kuitegemea huku kwetu hakuna, kwahiyo mabaki ya nyama yako usimgawie mfugaji alishie nguruwe wake.

Sasa dada. Niko Eldoret, nimeona venye ulisema huko kwa wakwe zako zamani walikuwa wanachinja nguruwe wakati wa baridi pekee. Kwani miezi ingine hawakuwa wanakula nyama?
*Kijana wa Shamba, Eldoret*

Walikula, tena kila siku karibu, ila walikula ya mwaka jana.

Fikiria hakuna friji, una nguruwe wa kilo mia na hamsini, utafanyaje? Walisubiri baridi kali ya kwanza, Novemba mwishoni, Desemba, wengine Januari, ile asubuhi nyasi zimeganda nyeupe zinalia chini ya viatu. Hapo nzi hakuna na hewa yenyewe ndo friji, nyama inapoa mpaka mfupani usiku huo huo na chumvi inapata muda wa kuingia kabla nyama haijaanza kuoza. Joto likirudi ghafla katikati ya wiki ilikua msiba, nyama inaharibikia karibu na mfupa na kazi ya mwaka mzima inaenda.

Majirani walikuja kabla ya jua, leo kwako kesho kwangu. Maji yamechemshwa lakini hayachemki, yakichemka manyoya yanashika badala ya kuachia, wanamtumbukiza nguruwe na kumkwangua mpaka anakua mweupe. Hapo niliposimuliwa hivo nilicheka kwa furaha kwasababu kwetu Rungwe ni vile vile, siku mbili kabla ya Krismasi, maji kwenye debe, na sisi watoto tunakwangua na vipande vya kopo na mama anapiga kelele msikwaruze ngozi. Yule nguruwe tulimlisha wenyewe mwaka mzima, pumba, majani ya viazi vitamu, maganda ya ndizi, na watoto wake wakiuzwa ndo ada ya shule, ada yangu mimi ya sekondari ilitoka bandani. Tofauti ilikua baada ya kuchinja. Sisi tuliigawa, jirani huyu mguu jirani yule mbavu, siku mbili nyama imeisha na wao wakichinja wanatuletea. Kwa wakwe zangu ile ndo kazi ilikua inaanza.

Maini na figo vinaliwa siku hiyo hiyo. Vipande vidogo vinasagwa na pilipili na majani ya seji vinakua soseji. Utumbo unaoshwa, kazi ya wanawake, na siku nzima mikono kwenye maji baridi. Mafuta yanakatwa vipande yanayeyushwa kwenye chungu cha chuma kikubwa nje, unakoroga bila kuacha maana yakiungua yote yamekwisha, na yakiwa meupe yanamiminwa kwenye makopo, hayo ndo mafuta ya kupikia ya mwaka mzima, na vile vipande vikavu vinavobaki vinatiwa kwenye mkate wa mahindi. Mapaja na mabega na matumbo yanazikwa kwenye chumvi wiki kadhaa, yanaoshwa, yananing'inizwa kwenye kibanda cha moshi. Kiangazi kikifika na jua la Carolina, unakata kipande cha paja kavu la moshi unachemsha na maharage.

Nguruwe mzima wa makaa yeye ni jambo lingine, ule ulipikwa mbichi na ukaliwa wote siku hiyo na kundi kubwa la watu, mavuno ya tumbaku yamekwisha, harusi, mkutano wa siasa, kwasababu huwezi kuuweka. Na usiku kucha nani alikaa shimoni? Wakati wa utumwa walikua watu weusi watumwa, wao ndo walichimba, walichoma, walijua makaa. Nguruwe waliletwa na Wahispania, de Soto alishusha wake Florida mwaka 1539, jina barbecue lilitoka kwa wenyeji wa Karibi, lakini mikono iliyopika miaka mia mbili na zaidi Kusini ilikua ya Waafrika kwa sehemu kubwa sana na hilo lisemwe wazi kila mara chakula hiki kinapotajwa.

Ukoo wa mume wangu ni weusi waliokua na ardhi yao. Mwaka 1920 wakulima weusi Marekani walikua zaidi ya laki tisa, leo wamebaki makumi ya maelfu tu. Shamba likienda, kibanda cha moshi kinaenda nalo. Cha baba mkwe bado kimesimama, kimeegemea upande, na alinipeleka ndani mara moja akaniambia pitisha kidole ukutani ulambe. Nikalamba. Chumvi! Hakuna nyama iliyoning'inizwa humo tangu mume wangu akiwa mtoto mdogo na mbao bado zina chumvi. Akaniambia wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe chumvi ilipoadimika Kusini watu walichimba udongo wa sakafu ya vibanda kama hivi, wakauchemsha na kuchuja wapate chumvi tena.

Assalaam alaykum dada. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, sasa niko Louisville, Kentucky. Jirani yangu bibi mmoja wa Kimarekani mweusi ananipenda sana na ananiletea chakula, juzi kaleta majani kama sukuma yananukia vizuri mno, kumbe yamepikwa na mguu wa nguruwe. Sikula ila nilisikia vibaya kumrudishia. Naweza kupika majani yale bila nguruwe yakawa na ladha ile? Na nimwambieje?
*Mama Tatu, Louisville*

Waalaykum salaam mama. Mwambie waziwazi na mapema, bibi mimi ni Muislamu sili nguruwe wala mafuta yake. Hatakasirika, kati ya Wamarekani weusi wapo Waislamu na wengine wengi wameacha nguruwe kwa sababu ya presha, kwahiyo nina hakika ameshakutana nalo, hata kwenye ukoo wake. Ila ujue pia mkate wake wa mahindi unaweza kuwa na mafuta ya nguruwe, na maharage yake, na kabichi yake, na hata mgahawani Kusini wakikuandikia mboga tu bila nyama uliza, mara nyingi kuna kipande humo ndani.

Majani hayo ni kolad, na sukuma wiki ni jamii hiyo hiyo kabisa, ndomana pua yako imeyajua. Wao hawakaangi dakika tano kama sisi. Chukua shingo au mabawa ya bata mzinga ya moshi, tafuta duka la halali (Louisville yapo), chemsha kwanza peke yake saa nzima na kitunguu, kitunguu saumu na pilipili kavu moja mpaka nyama inaachia mfupa na maji yamechukua moshi. Ndo utie majani yaliyokatwa, yameoshwa maji matatu maana mchanga wake haushikiki, yachemke taratibu saa nyingine au zaidi. Chumvi onja mwishoni kwasababu mabawa tayari yana chumvi. Ukizima tia kijiko cha siki.

Yale maji yanayobaki chini usimwage, huyo bibi atakwambia hivo hivo, wao wanachovya mkate wa mahindi na wengine wanakunywa kwenye kikombe. Wewe songa ugali. Na tarehe 1 Januari mpelekee kunde, kunde zile zile za kwetu, zilifika Kusini kutoka Afrika wakati wa biashara ya watumwa na siku hiyo wanazila pamoja na majani haya kwa ajili ya heri ya mwaka. Yeye huwa anazipika na shavu la nguruwe, wewe zipike na nazi, mpelekee sufuria nzima na umsubiri aonje.